Eti ukijifanya chizi mahakamani unarudi nyumbani?

Hii nimeisikia toka niko mdogo, vijiweni Kirumba mwaloni hadi kwenye daladala za Igoma, kwamba mtu akiua halafu akasema ana ugonjwa wa akili basi kesi imeisha anaenda zake. Naelewa inatoka wapi, maana tunaskia "hana hatia" tunaishia hapo hapo.

Ila sheria ya Tanzania inaanza kwa kuchukulia kila mtu ana akili timamu, wewe unayedai huna ndo unathibitisha, na swali ni hali yako SIKU ILE tendo linafanyika, ulielewa unachofanya au la, sio unavyoongea peke yako leo kizimbani. Daktari anakuchunguza anaandika ripoti, hakimu au jaji ndo anaamua. Na ukikubaliwa hauachiwi tu, unawekwa kwenye uangalizi maalumu, mara nyingi bila tarehe ya kutoka (wengine wangechagua jela aisee).

Alafu yule daktari sio kama wa kliniki yako, unayomwambia yanaweza kufika mahakamani, na anatakiwa akwambie hivyo kabla hamjaanza.

Kuhakikisha fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 12 na 13, mtandaoni ipo bure.