Chozi si mweusi

Wiki mbili zilizopita kijana wa jirani yangu hapa Konde kisiwani Pemba aliniletea simu yake nimtazamie picha. Alikuwa amekaa uwani kwao tangu walipomaliza kula mchana hadi karibu na Alasiri, akimvizia chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, kwenye ua la mgomba, na mwisho akampata. "Ami, tazama mwenyewe. Kila mtu anasema chozi anang'ara. Wangu katoka mweusi tii."

Picha haikuwa mbaya. Ndege yumo katikati, mdomo wake uliopinda umeonekana vizuri, jicho limetulia. Lakini kweli alikuwa mweusi kama masizi ya chungu.

"Simu yako haina kosa," nikamwambia. "Ni pale ulipokaa."

Kazi yangu ni kuwaongoza wageni wanaokuja Pemba kutafuta ndege, na kupiga picha za ndege hao. Swali la kijana yule nimelisikia pia kwa watu waliobeba kamera za mamilioni, ndiyo maana leo naliandikia.

Rangi za ndege ni za namna mbili. Ipo rangi iliyomo ndani ya unyoya wenyewe, kama kitambaa kilichochovywa: weusi wa kunguru, hudhurungi ya bundi. Hiyo utaiona popote utakaposimama. Na ipo rangi isiyoonekana mpaka mwanga uupige unyoya kwa upande wake. Unyoya wa kijani wa chozi ukiusaga hupati unga wa kijani, unapata unga wa giza. Ndani yake mna chembe ndogo mno, nyeusi, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na mwanga ukizigonga tabaka hizo kijani hurudi kwa nguvu na rangi nyingine zikafifia. Ni kama povu kwenye beseni la kufulia. Maji hayana rangi, povu nalo halikutiwa rangi, lakini ukiliinamia juani unaona waridi, buluu na kijani vikitembea juu yake. Ukigeuza kichwa kidogo, vinapotea.

Chozi wetu dume ana kichwa, mgongo na koo la kijani cha namna hiyo, na kifuani amefungwa ukanda wa zambarau. Tumbo ndilo jeusi hasa. Kijana alipompiga picha, jua lilikuwa mbele yake na ndege yuko katikati. Mwanga uliorudi kutoka kwenye manyoya ulirudi kwa jua, si kwake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua jua liko wapi, na sisi Wapemba tumerahisishiwa. Makka iko kaskazini yetu karibu sawasawa kabisa, na kila nyumba inajua kibla chake. Elekea kibla: mkono wa kulia ni mashariki, wa kushoto magharibi. Asubuhi kaa upande wa mashariki wa mgomba, jioni hamia magharibi. Tazama kivuli chako. Kikilala kuelekea kwa ndege, umekaa sawa.

Saa nazo zina neno lake. Tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na hata miezi iliyobaki mchana halishuki sana. Mwanga unaomwagika kutoka juu humulika mgongo wa ndege na kuacha kifua gizani, na hakuna kamera inayoweza kuurudisha. Mimi hupiga kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, kisha tena saa kumi na nusu hadi jua linapokaribia kuzama. Katikati hapo natazama tu, na kutazama nako ni kazi.

Tena ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Siku ya kwanza usipige picha hata moja. Leta mkeka, kaa, mhesabie. Mgomba ukishafungua ua lake, au karara la mnazi likishapasuka na maua yakatoka, chozi atakuja, atakwenda, atarudi. Hafanyi kama nyuki anayening'inia hewani mbele ya ua. Mara nyingi hutua, akashika kwa kucha, akachomeka mdomo. Na kabla ya kutua ana kituo chake: kijiti kikavu, ncha ya kuti, kamba ya kuanikia nguo. Pale husimama nukta chache, akatazama kulia na kushoto, akalia, ndipo akashuka. Ukikijua kituo hicho umemjua ndege. Lenga kituo, si ua. Weka fokasi pale kabla hajafika, usitikisike, na atakapotua utakuwa tayari.

Mwenye kamera na lenzi ya milimita 300 au 400 asishuke chini ya 1/1000 ya sekunde kwenye kasi ya shata, yaani kasi ya jicho la kamera kufunguka na kufunga, maana chozi hata akikaa hajakaa. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, bila woga. Picha yenye chenga inasafishika, iliyotikisika haisafishiki. Ukitoka kwa chozi ukaenda kwa yangeyange pembeni ya bonde la mpunga, punguza mwanga kidogo, la sivyo weupe wake utaungua ubaki kama karatasi.

Mwenye simu asikate tamaa. Darubini ya kawaida ukiiweka juu ya kiti au ukingo wa dirisha, ukakutanisha jicho la simu na jicho la darubini, unapata picha nzuri kuliko kuvuta kwa vidole kwenye kioo. Inahitaji mazoezi ya siku mbili tatu. Njia nyingine ni kumleta ndege karibu, na kwa hilo sijaona kitu kinachoshinda maji. Wakati wa kaskazi, jua linapokausha vidimbwi, weka kigae cha chungu kilichovunjika mita mbili kutoka dirishani, na maji ya kina cha vidole viwili tu. Tia jiwe katikati wapate pa kusimama. Maji yabadilishe kila siku ili mbu wasitage. Shore atakuwa wa kwanza, mwenye kelele. Tetere watafuata. Na siku moja litashuka kundi la vijindege vya manjano vyenye pete nyeupe kuzunguka jicho, vikaoga vyote kwa pamoja, vikaondoka kabla hujavuta pumzi.

Hivyo vya pete nyeupe vitazame vizuri, kwa sababu havipatikani popote duniani isipokuwa Pemba. Chozi naye ni hivyo hivyo. Ninga wetu, yule njiwa wa kijani na kijivu anayependa mikuyu, na bundi wetu mdogo, nao ni hivyo hivyo. Aina nne katika kisiwa kimoja. Wataalamu waliwaandika mmoja mmoja: chozi mwaka 1905, wa pete nyeupe mwaka 1924, bundi mwaka 1937 na ninga mwaka 1940. Wawili wa mwisho waliandikwa na Pakenham, afisa wa serikali ya kikoloni hapa visiwani. Wazee wetu walikuwa wakiwajua siku zote.

Sababu iko baharini. Kati ya Unguja na bara maji ni haba, na zama za barafu, bahari iliposhuka zaidi ya mita 100, Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Wanyama na ndege walitembea tu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, pengine kama 800, haukukauka wakati huo. Ndege wachache waliovuka wakabaki huku, vizazi kwa vizazi, wakawa wao wenyewe. Nikiwaeleza wageni habari hii huwa wananyamaza kidogo. Nataka na mtoto wa Konde anyamaze kidogo pia, kwa sababu chozi huyo yuko kwenye mgomba wa mama yake.

Bundi lazima nimseme peke yake. Wageni humfuata msitu wa Ngezi usiku, lakini anaishi pia kwenye mikarafuu iliyozeeka, nyuma ya nyumba za watu. Ni mdogo, wengine wekundu wa kutu, wengine wa rangi iliyopauka, na sauti yake ni "hu" moja, kisha kimya, kisha "hu" nyingine. Nafahamu yanayosemwa juu ya bundi anayelia karibu na nyumba. Nimelelewa nayo. Lakini bundi huyu anawaita wenziwe na kulinda mipaka yake, na chakula chake ni wadudu. Nimeumia kila nilipokuta amepigwa mawe. Ukimpata, usimmulike kwa flashi ya kamera, maana macho yale yameumbwa kwa giza na utamwacha hajui aruke wapi. Wala usimchezee sauti yake kwenye simu ili atokee. Ataacha kuwinda ashughulike na adui asiyekuwapo.

Kiota ndiyo nakataza kabisa. Chozi jike hushona kifuko kinachoning'inia, kwa nyuzi za buibui na majani makavu, mara nyingine karibu kabisa na mlango wa nyumba. Watu huvutiwa, hukata majani yanayoziba ili picha itoke wazi. Majani yale ndiyo yaliyokuwa yakiwaficha makinda wasionwe na kunguru.

Na lenzi usiifungie kwenye begi la ngozi ndani ya kabati. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na kuvu huota ndani ya vioo kama nyuzi za pamba. Lenzi yangu ya kwanza ilikufa hivyo. Sasa naziweka kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Kijana alirudi Ijumaa, baada ya sala. Safari hii alikaa mashariki ya mgomba, saa mbili asubuhi, siku tatu mfululizo. Alikuwa na picha nzuri tano, kijani kitupu na zambarau kifuani. Lakini iliyonisimamisha ni ya sita, aliyotaka kuifuta. Chozi alikuwa amegeuza shingo nusu wakati wa kupigwa. Shavu moja linawaka kijani, kichwa kilichobaki ni cheusi. Nimemwomba asiifute.