Kibanda cha simu kilikuwa kinakula nini

Watu wakijua kwamba nilikuwa fundi wa simu za vibandani Mombasa, huniuliza zile simu zilienda wapi. Na mbona ziliondoka upesi hivyo, ilhali simu ya mkononi ilipoingia kupiga kwake kulikuwa ghali kuliko kibandani?

Nianze na kilichokuwemo ndani ya lile sanduku. Nyaya mbili za shaba zilitoka kwenye mtambo wa simu hadi kibandani, zikileta umeme wa volti 48 kutoka betri za mtamboni. Ndiyo maana simu ilifanya kazi hata mtaa mzima ukiwa gizani. Ukitumbukiza sarafu, zilijipanga kwenye mfereji mdogo baada ya kupimwa ukubwa na madini yake. Upande wa pili wakiitikia, mtambo ulianza kutuma midundo ya umeme kupitia waya, na kwa midundo hiyo simu ikameza sarafu zako. Ukipiga hapahapa mjini, midundo ilikuja polepole. Ukipiga Kisumu ilifuatana, nawe ukasikia pesa zikianguka kisandukuni, ta, ta, ta, hata salamu hujamaliza.

Hiyo ndiyo bei aliyoiona mpigaji. Sisi mafundi tuliiona nyingine. Hewa ya chumvi ilikuwa ikila vyuma vya mfereji wa sarafu, na nilishawahi kufungua simu moja nikakuta njiti za kiberiti, kipande cha bati kilichokatwa mfano wa shilingi, na mchanga. Kisanduku kikijaa kabla ya mkusanyaji kufika, simu ilikataa pesa kabisa, watu wakadhani imekufa. Serikali ikitoa sarafu mpya, ilibidi vipimo vibadilishwe, kibanda kwa kibanda. Halafu wezi wa nyaya za shaba. Safari moja ya gari, fundi na ngazi iliweza kumeza mapato ya kibanda ya wiki nzima. Simu za kadi zilituondolea shida ya sarafu, lakini zikamwongezea mpigaji shida: saa nne usiku, duka la kadi limeshafungwa.

Kwa hiyo shirika la posta na simu lilipogawanywa mwaka 1999, na kampuni za simu za mkononi zikapamba moto, vibanda havikuwa na nguvu ya kushindana. Mrithi wao wa kweli mitaani alikuwa simu ya jamii: simu moja juu ya meza, mwavuli, na kijana au mama anayehesabu dakika na kula kamisheni yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo simu bora ya umma tuliyopata kuwa nayo, kwa sababu ilikuwa na mtu wa kuitunza na jioni ilirudi nyumbani naye. Uganda, mwaka 2003, kampuni ya simu ya MTN na shirika lisilo la faida la Grameen Foundation waliipeleka vijijini kwa mikopo midogo. Simu za mkononi ziliposhuka bei, meza nazo zikakunjwa.

Wenzetu waliamua tofauti. Australia ilikuwa na simu za umma zipatazo 15,000 mwaka 2021, na Telstra, kampuni ya simu ya huko, ikaamua kupiga ndani ya nchi kuwe bure kabisa. Ukiondoa malipo, unaondoa pia sarafu, kisanduku na gari la kukusanya pesa, yaani vile vitu vilivyokuwa vinatumaliza sisi. Japani wanazipa simu hizo kipaumbele kwenye mitambo wakati wa maafa, na baada ya tetemeko la mwaka 2011 waliwaachia watu wapige bila kulipa.

Kenya sheria ya mfuko wa huduma za mawasiliano kwa wote, yaani pesa za kufikisha mawasiliano kwa wasiofikiwa, ipo tangu 2009. Ningependa sehemu ya pesa hizo iweke simu moja ya bure, isiyo na sarafu wala kadi, ya dakika tatu tu, kwenye lango la kila hospitali kubwa na kila stendi ya mabasi. Mwezi uliopita nilimkuta mama nje ya wodi, simu yake imeibwa kwenye matatu. Namba ya mwanawe alikuwa nayo kichwani. Aliwaomba watu watatu kabla ya askari wa getini kumpa yake, naye askari alikuwa amebakisha shilingi saba za salio.