Kamera haiujui uso wako

Kwenye mahafali ya kidato cha nne, mzazi mmoja alinionyesha kwenye simu picha ya bintiye, akaguna: "Mwalimu, sisi weusi kamera haitupendi." Wanafunzi wa darasa langu la picha hapa Mbeya huniambia hivyohivyo kila mwaka, na kabla ya kufundisha, wateja wa studio walikuwa wakiniambia. Nimechoka kulijibu kwa maneno mawili mlangoni.

Mita ya kawaida ya kamera, yaani kipimo chake cha mwanga, haitambui kwamba mbele yake kuna shavu, shati au ukuta. Inapokea mwanga unaorudi, kisha inapanga shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) na tundu la lenzi ili jumla yake itoke kijivu cha kati. Sasa msimamishe binti mwenye shati jeupe la shule, nyuma yake anga la mchana juu ya mlima Loleza. Weupe umejaa fremu. Mita inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na shati linatoka kijivu. Uso wake, ambao tangu mwanzo unarudisha mwanga mdogo kuliko shati kwa stopu tatu hivi (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu yake), unazama gizani. Msimamishe Mzungu palepale, naye uso wake utatiwa giza.

Dawa yake ni kuongeza stopu moja, au kwenye simu kugusa uso na kupandisha alama ya jua. Lakini hapo ndipo linapozaliwa kosa la pili, na hilo ndilo linaloniudhi hasa. Mwanafunzi akishajua kuongeza, anaongeza kila mahali. Anamsogelea rafiki yake hadi uso unajaza fremu, mita inakutana na ngozi nyeusi tupu, inaivuta ifike kijivu cha kati, na yeye juu ya hapo anaongeza tena. Mtoto wa watu anatoka kama kapakwa majivu. Uso ukijaza fremu, punguza! Nusu stopu, pengine moja nzima. Uzuri wa ngozi nyeusi uko kwenye mng'ao, ule mstari wa mwanga wa dirishani unaokaa kwenye paji na mfupa wa shavu, na mng'ao hauonekani mpaka pembeni yake pawe na weusi wa kweli. Ukimulika kila kitu sawasawa umeufuta uso uliotaka kuuokoa.



Kwa filamu na dijitali hesabu inageuka. Kwenye negativu, yaani mkanda wa filamu uliosafishwa, kivuli kilichokosa mwanga hakikuandikwa kabisa, na hakuna dawa ya kusafishia itakayokirudisha. Mwanga ukizidi stopu moja au mbili, inavumilia. Dijitali ni kinyume: shati likishaungua kwa mwanga limeungua, ila kivuli kinavutika, hasa ukihifadhi kwa RAW, faili ghafi la kamera. Kwa hiyo binti yuleyule, kwenye filamu nampimia uso na kuliacha shati, kwenye dijitali nalilinda shati kwanza, kisha nauinua uso kwenye kompyuta. Ndiyo maana wanafunzi nawaanzishia mkanda wa filamu wa picha 36. Mkanda haukuonyeshi kitu papo hapo, lazima uamue kabla ya kubonyeza.

Hata hivyo mzazi yule hakukosea kabisa. Katikati ya karne ya 20 maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi zote. Baadaye msukumo mkubwa wa kurekebisha filamu ulitoka kwa watengeneza chokoleti na samani, waliolalamika kwamba kahawia za bidhaa zao hazitofautiani. Linanikera mpaka leo: kabati lilisikilizwa kabla ya mtu.

Nami nina mashaka yangu. Vitabu husema kijivu cha kati cha mita hurudisha asilimia 18 ya mwanga, lakini mita nyingi zimepangwa karibu na 12 au 13. Husema pia upime mwanga kwenye kiganja kisha uongeze stopu moja, kwa kuwa viganja vya watu hukaribiana. Nawafundisha hivyo, ila kiganja kilichotoka kulima viazi si kile cha kitabuni. Na kubwa zaidi: uso "sahihi" ni upi? Ule niliouona mimi, au ule anaotaka mwenyewe, ambaye amezoea picha za paspoti zilizong'arishwa?

Juni iliyopita maji ya bomba yalikuwa ya barafu, tukayachanganya na ya chai hadi dawa ikafika nyuzi 20. Msichana wa kidato cha tatu akatoa mkanda wake kwenye tangi. Alikuwa amempiga picha bibi yake mlangoni pa jiko, moshi nyuma yake, akampimia kwenye shavu na kupunguza stopu moja. Aliuinua mkanda dirishani, akahesabu mikunjo ya paji la bibi mmoja mmoja, kisha akaniomba kibanio cha nguo auanike.