Nani Mwenye Roshani? Jinsi Viwanja Vikuu vya Hispania Vilivyojengwa

Katika Madrid ya karne ya 17, aliyepanga nyumba inayotazama Plaza Mayor, uwanja mkuu wa mji, alilipia kila kitu isipokuwa kutazama. Siku ya sherehe ya kifalme roshani yake ilichukuliwa, wakaketishwa humo wageni waliopangwa kwa vyeo vyao, mabalozi huku, wajumbe wa mabaraza ya mfalme kule. Yeye mpangaji akatafute pa kusimama. Haki ya kuutazama uwanja siku hiyo ilikuwa ya mfalme, na kila aliyeishi pale alilijua hilo.

Naanza na roshani kwa sababu sisi wa mipango miji tuna mazoea mabaya ya kuuhesabu uwanja wa wazi kama mabaki, ardhi iliyosalia baada ya majengo kupata pake. Ukivisoma viwanja vya Hispania kwa makini unakuta mambo ni kinyume kabisa. Uwanja ulipangwa kwanza, nyumba zikafuata amri yake: urefu wake, madirisha yake, nguzo zake, hata nani aruhusiwe kuchungulia na lini.

Havikuanza hivyo. Miji ya Zama za Kati ilikuwa imebanana ndani ya kuta zake, na sokoni palikuwa pale palipopatikana nafasi. Kule Toledo, Zocodover ulikuwa mnada wa wanyama tangu enzi za utawala wa Waislamu, na hadi leo umbo lake halina mstari ulionyooka vizuri. Madrid nao walikuwa na soko nje ya lango la mji, ambako mchuuzi aliweza kuuza bila kulipa ushuru wa kuingiza bidhaa ndani. Waliuita Plaza del Arrabal. Hapo ndipo Plaza Mayor ilipo sasa.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na moto. Septemba 1561 Valladolid iliungua, na sehemu ya katikati ya mji, yenye maduka na karakana, ikateketea. Mfalme Felipe II, aliyezaliwa katika mji huohuo, hakutaka ujengwe tena ovyo. Fundi Francisco de Salamanca alichora mpango wa mitaa iliyonyooka na uwanja wenye nyumba za sura moja, zimesimama juu ya nguzo za mawe, na chini yake varanda ndefu ya kupita watu. Ule ndio uwanja mkuu wa kwanza Hispania uliochorwa mzima kwa mkono mmoja. Kwangu mimi Valladolid ina uzito kuliko Madrid, ingawa watalii huipita tu.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1573, mfalme yuleyule alitoa kanuni za kujenga miji mipya katika makoloni yake ya Amerika. Kanuni hizo zinaanzia kwenye uwanja, kisha ndipo mitaa inachorwa kutoka hapo. Urefu wa uwanja uwe angalau mara moja na nusu ya upana, na sababu imetajwa waziwazi: umbo hilo linafaa zaidi kwa sherehe za farasi. Upana usipungue futi 200 wala urefu 300. Kuuzunguka uwanja wote, na kwenye mitaa minne mikuu inayotoka humo, pawe na varanda za nguzo, kwa faida ya wafanyabiashara. Nimezisoma kanuni hizo mara nyingi, na kila mara navutiwa na jinsi vipimo vinavyotokana na matumizi. Farasi anahitaji nafasi ya kukimbia. Muuza nguo anahitaji kivuli na pa kujikinga mvua.

Turudi Madrid. Felipe II alihamishia makao yake huko mwaka 1561, na lile soko la nje ya lango likajikuta katikati ya mji mkuu. Mwaka 1590 ilianza kujengwa Casa de la Panadería upande wa kaskazini, jengo lenye kazi mbili zinazoonekana kugombana: chini mkate wa mji, juu vyumba ambamo familia ya mfalme ilikaa kutazama sherehe. Mkabala wake lilisimama jengo la nyama, Casa de la Carnicería. Kati ya 1617 na 1619, chini ya Felipe III, msanifu Juan Gómez de Mora aliviunganisha vyote kwa ukuta wa nyumba za kufanana.

Ukitaka kuuona ujanja wa wajenzi wale, toka nje ya uwanja. Shuka ngazi za Arco de Cuchilleros upande wa kusini-magharibi, kisha ugeuke utazame juu. Ardhi inaporomoka hapo, kwa hiyo nyumba ambazo ndani ya uwanja zinaonekana za wastani, huku nyuma ni ndefu mno, na kuta zake zimelala kidogo kuelekea ndani. Ndizo zinazouzuia ule udongo uliosawazishwa usiporomoke. Wapiga picha wengi huishia kwenye sanamu ya Felipe III, ambayo hata hivyo ililetwa pale mwaka 1848 tu. Mimi humshauri kila anayekwenda akaanze na ukuta ule.

Humo ndani yalifanyika mambo ya kila namna. Asubuhi mboga, mikate na nyama. Siku ya sikukuu mchezo wa ng'ombe, ambao Wapemba wana wa kwao. Siku nyingine kifo. Oktoba 1621 Rodrigo Calderón, aliyekuwa mtu mwenye nguvu ikuluni, aliuawa hapo mbele ya umati. Juni 30, 1680, mahakama ya kidini ya Inkwizisheni iliwasomea washtakiwa wake hukumu uwanjani humo, Mfalme Carlos II akiwa ameketi kwenye roshani. Mchoraji Francisco Rizi aliichora siku ile, na picha ipo katika jumba la Prado. Itazame taratibu: roshani zote zimejaa, kila mtu mahali pake. Ni mpangilio uleule wa siku ya ng'ombe. Uwanja haukubagua kati ya furaha na ukatili, na anayevisifia viwanja hivi bila kulitaja hilo anawadanganya wasomaji wake.

Uliungua mwaka 1631, 1672 na 1790. Baada ya moto wa mwisho, Juan de Villanueva alipunguza nyumba kutoka ghorofa tano hadi tatu na kuzifunga pembe kwa matao. Hisia ile ya kuwa ndani ya chumba kisicho na paa ni kazi yake zaidi kuliko ya Gómez de Mora.

Kuhusu uzuri peke yake, hakuna unaoushinda uwanja wa mji wa Salamanca, uliojengwa kati ya 1729 na 1755, ukianzishwa na Alberto Churriguera na ukumbi wa jiji ukimaliziwa na Andrés García de Quiñones. Jiwe lake la Villamayor hugeuka rangi ya asali jua linapoelekea kuzama. Pande zake hazilingani, lakini matao 88 yanayojirudia humfanya mtu asiligundue hilo. Wenyeji wakiahidiana kukutana huambiana "chini ya saa", na hakuna anayeuliza saa ipi.

San Sebastián, mji wa kaskazini mwa Hispania, iliteketezwa na wanajeshi wa Uingereza na Ureno mwaka 1813. Ilipojengwa upya, uwanja wake, Plaza de la Constitución, ulizungushiwa madirisha yenye namba, kwa sababu yalikuwa viti vya kutazamia ng'ombe. Ng'ombe hawapo tena, lakini namba zingali zimeandikwa juu ya madirisha, na watu wanaishi nyuma yake.

Karne ya 19 ilileta viwanja vya namna nyingine. Nyumba za watawa zilitaifishwa kwa sheria za waziri Mendizábal kuanzia miaka ya 1830, nyingi zikabomolewa. Plaza Real ya Barcelona imesimama palipokuwa na watawa Wakapuchini. Mji ulipumua, ingawa majengo mazuri mengi yalipotea.

Siasa nazo zilihamia Puerta del Sol, uwanja mwingine wa Madrid, ambao si wa mstatili wala haujafungwa pande zote. Huko walishangilia kutangazwa kwa Jamhuri Aprili 14, 1931, na huko vijana walipiga mahema Mei 2011 kupinga ukosefu wa ajira na hatua za kubana matumizi. Waliweka jiko, maktaba, hata zamu za usafi.

Ugomvi wa sasa ni wa meza. Migahawa huomba kibali cha jiji kutandaza viti, na kila msimu viti vinasogea mbele kidogo. Mimi niko upande wa wakazi: mzee anayetaka kukaa saa nzima bila kununua kahawa ana haki kuliko meza ya kumi. Ninalolilia zaidi ni kivuli. Puerta del Sol ulikarabatiwa juzijuzi kwa gharama kubwa, ukaachwa sakafu ya mawe bila miti, katika jiji ambalo Julai joto huweza kukaribia nyuzi 40. Kanuni za 1573 ziliagiza varanda kuuzunguka uwanja wote. Anayechora uwanja leo, Madrid au kwingineko, aanzie hapo: mtu wa miguu atapita wapi saa nane mchana.