Kuhamisha giaboksi katika magari ya kale yanayopozwa kwa hewa: maana yake na mipaka yake

Kuhamisha giaboksi ni kuitoa giaboksi katika gari la aina moja na kuifunga katika gari la aina nyingine. Kwa magari mengi jambo hili halina hata haja ya kufikiriwa, lakini katika ukoo wa Volkswagen za zamani, zile zinazopozwa kwa hewa badala ya maji, limefanyika kwa miongo mingi, kwa sababu Beetle, Karmann Ghia, Kombi na hata Porsche 356 zilichipuka katika shina moja. Injini iko nyuma kabisa, na mbele yake tu iko giaboksi ambayo ndani yake mna difu pia, yaani gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili, kwa hiyo hakuna propela shafti inayopita chini ya gari. Injini hushikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne, na hata injini ya Porsche 356 ukiisogeza nyuma ya giaboksi ya Beetle, bolti hukutana na matundu yake.

Kukutana huko kwa matundu ndiko kunakowaponza wengi. Giaboksi kukaa mahali pake ni jambo moja, na giaboksi kulifaa gari ni jambo jingine. Inakaa ikiwa bolti zimeingia na ekseli zimefika kwenye magurudumu. Inafaa ikiwa magurudumu yatazunguka kuelekea upande unaotakiwa, kwa mwendo unaolingana na uzito wa gari na nguvu ya injini, bila kuvunja kitu. Anayeelewa tofauti hiyo ameelewa sehemu kubwa ya dhana yenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Kombi iliyoundwa Ujerumani kuanzia 1950 hadi 1967, ambayo wengi huitambua kwa kioo cha mbele kilichogawanyika vipande viwili. Injini yake ya mwanzo ilikuwa ile ile ya Beetle, nayo ilikuwa dhaifu, ilhali Kombi ilitakiwa kubeba abiria na mizigo mizito. Wahandisi walirudi kwenye ufundi uliokwisha kutumika katika Kübelwagen, gari la kijeshi la wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakaweka kisanduku kidogo chenye gia mbili kwenye ncha ya kila ekseli, karibu na gurudumu. Gia ya juu, inayozungushwa na ekseli, ina meno machache, na ya chini, inayozungusha gurudumu, ina meno mengi zaidi. Hivyo gurudumu huzunguka polepole kuliko ekseli lakini kwa nguvu zaidi, na kwa kuwa ekseli imepanda juu ya kitovu cha gurudumu, gari nalo huinuka kutoka ardhini.

Gia mbili zilizoumana meno daima huzunguka kinyume: moja ikienda kulia, nyingine huenda kushoto. Kwa sababu hiyo, ili magurudumu ya Kombi yasonge mbele, ekseli zake hazina budi kuzunguka kana kwamba zinarudi nyuma. Kiwanda kilitatua jambo hilo ndani ya difu, kwa kuiweka kraunwili, gia kubwa ya difu, upande wa pili wa pinioni, gia ndogo inayoizungusha, tofauti na ilivyo katika Beetle. Kwa nje giaboksi hizo mbili hufanana kama pacha. Ukiichukua ya Beetle na kuifunga katika Kombi yenye visanduku vile bila kugusa difu, itakaa vizuri, klachi itashika, gia zitaingia, na utakuwa na gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja tu ya kwenda mbele.

Kosa hilo huzuilika kwa dakika tano kabla ya kuinua kitu chochote. Iweke giaboksi mezani, pua yake ikielekea mbali nawe na upande wa klachi ukikutazama. Ingiza gia ya kwanza. Zuia ekseli ya upande mmoja isizunguke, kwani usipofanya hivyo difu itagawa mzunguko na utachanganyikiwa, kisha uizungushe kwa mkono shafti ya klachi kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Tazama ekseli iliyo huru: ikiwa upande wake wa juu unasogea kuelekea pua, hiyo ni giaboksi ya gari lisilo na visanduku vya gia magurudumuni; ikiwa unakuja kwako, ilitoka katika Kombi ya zamani au kuna mtu amekwisha kuigeuza. Chora alama ya chaki kwenye shafti na kwenye ekseli, uhesabu mizunguko, nawe utajua pia uwiano wake, ila ukumbuke kwamba ekseli moja ikiwa imezuiwa, ile nyingine huzunguka mara mbili zaidi ya kawaida. Mimi huuamini mkono na chaki kuliko maneno ya muuzaji, maana giaboksi yenye umri wa miaka 60 huenda imefunguliwa mara nyingi, na namba iliyopigwa kwenye ganda lake haisemi tena kilichomo ndani.

Kraunwili yenyewe inaweza kugeuzwa. Baadhi ya maganda yana vifuniko pande zote mbili, na difu hutolewa ikarudishwa ikiwa imeelekea upande mwingine. Maganda mengine, hasa ya Beetle za miaka ya mwisho, yana kifuniko upande mmoja tu na hayafai kwa kazi hiyo. Hata pale inapowezekana, kazi haiishii katika kugeuza. Nafasi kati ya meno ya kraunwili na ya pinioni inapaswa kupimwa upya kwa geji na kurekebishwa kwa shimu, vibati vyembamba vya kujazia nafasi, na kipimo kinachotakiwa ni kati ya milimita 0.15 na 0.25. Meno yakibana mno hupata joto na kulika. Yakilegea mno hugongana kila dereva anapoachia mafuta. Fundi asiye na geji asiifungue difu.

Baada ya mwelekeo huja uwiano, na hapa hesabu ndogo hueleza mengi. Gia ya kwanza ya Beetle ina uwiano wa 3.80, na difu yake ya miaka ya 1960 mara nyingi ni 4.375, ukizidisha unapata 16.6, yaani injini huzunguka mara 16.6 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kombi yenye injini ya 1500 ilikuwa na 3.80 ile ile, difu ya 4.125, na visanduku vya magurudumuni vya 1.26, jumla 19.75. Anayevua visanduku hivyo na kuweka giaboksi na ekseli za Beetle, kazi inayopendwa sana na wale wanaotaka Kombi iliyoshuka chini na yenye mwendo wa barabara kuu, hupoteza karibu asilimia 16 ya nguvu ya kuondokea. Katika barabara tambarare hataona shida. Kwenye mlima, akiwa na abiria wanane, klachi itamkumbusha. Ndiyo maana wanaofanya kazi hiyo kwa makini huanza na injini yenye nguvu zaidi, ndipo wakaja kwenye giaboksi.

Safari ya kinyume pia ina maana yake. Kuanzia Kombi ya 1968 visanduku viliondolewa na badala yake difu ikapewa uwiano mkubwa, 5.375 katika miaka ya kwanza. Giaboksi hiyo ni imara kuliko ya Beetle na inazunguka kwa mwelekeo ule ule, kwa hiyo huko California watengenezaji wa magari ya jangwani waliipenda: ukivisha matairi makubwa, uwiano huo hurudisha nguvu ambayo matairi yamekula. Katika Beetle ya matairi ya kawaida, giaboksi hiyo hiyo huifanya injini kulia kwa kasi ndogo tu.

Mambo yaliyobaki ni ya kukaa, na mengi yana dawa. Pua ya giaboksi, panapoingia fimbo ya kubadilishia gia, si ile ile katika Beetle, Kombi na Volkswagen 1500, kwa hiyo mara nyingi pua huhamishwa pamoja na kilichomo ndani yake. Flaiwili, gurudumu zito lililo nyuma ya injini ambalo stata hulizungusha, katika magari ya volti 6 ina meno 109 na ya volti 12 ina meno 130. Iliyo kubwa hukwangua ganda la zamani mpaka lisagwe kidogo ndani, na bushi ya stata nayo hubadilishwa. Beringi ya klachi ilibadilishwa muundo mwaka 1971, na presha pleti, sahani inayoibana klachi, lazima iendane nayo. Kizuizi kikubwa zaidi ni ekseli: zile za zamani hubembea kutoka ubavuni mwa difu, ilhali za baadaye zina viungo viwili kila upande na huhitaji mabano yaliyochomelewa kwenye chasisi. Hapo huhamishi giaboksi tena, unahamisha mfumo mzima wa nyuma.

Kanuni ya mwelekeo haiishii kwenye Volkswagen. Porsche 914 ya 1969 ilitumia giaboksi ya jamaa ya 911, lakini kwa kuwa injini yake iko mbele ya ekseli ya nyuma, giaboksi iligeuzwa pua ikatazama nyuma, na kraunwili ikahamishiwa upande wa pili. Chevrolet Corvair ya Marekani, nayo yenye injini ya silinda sita inayopozwa kwa hewa, ina injini inayozunguka kinyume na nyingine nyingi. Anayetaka kuifunga katika Kombi ya 1968 au ya baadaye hana budi kuifungua difu na kuigeuza kraunwili, kazi ile ile na geji ile ile, ingawa safari hii giaboksi imebaki katika gari lake na kilichohama ni injini.