Nyutro haiachanishi mota ya gari la umeme

"Weka nyutro, funga kamba, vuta." Kwa gari la umeme ushauri huu ni hatari. Mengi hayana klachi. Ukiweka nyutro, mota bado imeshikana na magurudumu. Yakizunguka, mota yenye sumaku za kudumu hugeuka jenereta: joto hupanda, inveta (kifaa kinachobadilisha umeme kati ya betri na mota) inaweza kuungua, hata moto kuzuka.

Nissan Leaf huendeshwa na magurudumu ya mbele, hivyo huweza kuvutwa yakiwa yameinuliwa. Gari lenye mota mbele na nyuma hubebwa lote juu ya lori.

Betri ya volti 12 (ndiyo, nayo imo) ikifa, breki ya maegesho ya umeme inaweza kugoma kuachia. Ichaji kwanza.

Lililogongwa liegeshwe mita 15 kutoka majengo; betri kubwa iliyoumia huweza kuwaka siku kadhaa baadaye.