Bledi ya trekta dogo la zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukianza kuulizia bledi ya kusawazishia njia za shambani, iwe Masasi, Tandahimba au Lindi mjini, utapewa majibu mengi kabla hujamaliza swali. Wanaoyatoa ni watu wema na matrekta wanayajua. Ila wengi wao wamezoea plau na haro, na bledi ni zana yenye tabia zake. Anayeumia ni mwenye trekta dogo la zamani, liwe Massey Ferguson 135 alilorithi au Kubota au Yanmar lililoshuka kutoka Japani likiwa limeshatumika. Bledi ikisafirishwa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, halafu ikagoma kuingia, nauli ya kuirudisha ni yake.

"Trekta ni Massey, kwa hiyo bledi ya Massey itaingia"

Jina lililoandikwa kwenye boneti halifungi kitu. Bledi ya nyuma inafungwa na pini tatu: mbili za mikono ya chini ya trekta na moja ya toplinki, yaani mkono wa juu wa katikati. Mfumo huo wa pointi tatu aliusambaza Harry Ferguson, na trekta lake la TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, lilitoka kwa zaidi ya nusu milioni. Makampuni mengine yakaufuata, vipimo vikawekwa kwenye makundi, na makundi hayo, yaani kategori, ndiyo unayopaswa kuyajua kuliko jina la kampuni.

Kategori 0 ni ya matrekta ya bustani: pini za chini zina unene wa milimita 16 hivi. Kategori 1 ni ya matrekta madogo ya shamba, na 135 ni mojawapo: pini za chini milimita 22, ya toplinki 19. Kategori 2 ni ya matrekta makubwa zaidi: chini milimita 28, juu 25. Nafasi kati ya mikono nayo inabadilika. Zana ya kategori 0 ina upana wa sentimita 50 hivi kati ya pini za chini, ya 1 ina 68, ya 2 ina zaidi ya 82. Ndani ya jina hilohilo la Massey utakuta matrekta ya kategori tofauti, na trekta lililopita kwenye mikono ya watu wengi huenda limeshabadilishiwa hata mikono ya kunyanyulia.

Kwa hiyo shuka chini upime. Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia upana wa tundu, uingize kwenye tundu la mpira wa chuma ulio kwenye ncha ya mkono. Pima kwa kulala, kisha kwa kusimama. Vipimo vikitofautiana kwa milimita mbili tatu, tundu limeliwa, na hata bledi sahihi itagonga na kucheza mpaka ubadilishe mpira. Ukikuta tundu la 28 na bledi yenye pini ya 22, bushi ya kujazia nafasi inatosha. Kinyume chake hakuna bushi itakayokusaidia; hapo ni kubadilisha pini za bledi yenyewe.

"Bledi ni bledi"

Hili ndilo linaloharibia watu pesa kuliko yote, na kwa sasa linaletwa na picha za mtandaoni. Ukitafuta bledi ya trekta dogo la zamani, nyingi utakazoonyeshwa zinatoka Marekani na Kanada, na zilitengenezwa kwa ajili ya theluji. Kule matrekta ya bustani kama Cub Cadet, lililoanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na John Deere 110 la 1963, hufungwa bledi mbele wakati wa baridi ili kusafisha njia ya kutokea nyumbani. Ni kazi halali na bledi zake ni nzuri kwa kazi hiyo. Kwenye ardhi ya Nachingwea ni habari nyingine.

Theluji iliyoanguka karibuni kwa kawaida haifiki kilo 200 kwa mita moja ya ujazo. Mchanga mkavu unafika kilo 1,600. Bledi ya theluji inatengenezwa kwa bati jepesi, imepindwa sana ili theluji ijiviringe na kuruka pembeni, na nyuma yake ina springi. Makali yakigonga jiwe au ukingo wa sakafu, springi zinaachia, bledi inainamia mbele, inapita, halafu inarudi. Kwenye udongo mwekundu ulioshikana, kila unapotaka kukwangua, springi zinadhani umegonga jiwe. Bledi inalala na tuta linabaki palepale. Wapo wanaozikaza springi hizo kwa bolti zisiachie, na hapo nguvu yote inahamia kwenye fremu nyembamba ambayo haikuandaliwa kuibeba.

Kuitambua si kazi. Tazama nyuma: ukiona springi mbili nene na miguu midogo ya kuteleza inayoacha makali juu kidogo ya ardhi, hiyo ni ya theluji. Bledi ya udongo haina springi. Ina bati nene, matundu ya kuigeuza pembe, na chini imefungwa kisu cha chuma kigumu kwa bolti, ambacho kikiisha upande mmoja mara nyingi unakigeuza upande wa pili.

Sisi wa kusini tuna historia ya kutosha ya mashine zilizoletwa bila kulinganishwa na kazi. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, Nachingwea ikiwa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo, ulitegemea mitambo mitumba iliyobaki baada ya vita, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mitambo iliharibika, spea zikasumbua, na mwanzoni mwa 1951 mpango ukaachwa. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, mvua na ardhi zikiwemo, lakini suala la mashine kutofanana na kazi halikuwa dogo.

"Ifunge mbele kwenye bampa, inasukuma vizuri zaidi"

Bledi ya mbele inasukuma vizuri ikiwa nguvu yake inapita chini ya trekta mpaka kwenye chasisi au karibu na ekseli ya nyuma. Ndivyo fremu za kusukumia za matrekta ya bustani zilivyotengenezwa, na ndiyo sababu fremu ya modeli moja haiingii kwenye nyingine: matundu, urefu na nafasi chini ya injini havilingani. Ukiikaza bledi kwenye bampa au mahali pa vyuma vya uzito, kisiki kimoja cha mkorosho kinatosha kupasua chuma cha kumwaga, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kinachoshika ekseli ya mbele. Chuma hicho kikipasuka, spea ya trekta la miaka ya 1960 utaisaka mpaka uchoke.

Kwa matrekta mengi ya huku, bledi ya nyuma ndiyo ya busara. Unageuza shingo kidogo unapofanya kazi, lakini hakuna cha kuvunja mbele.

"Farasi 45 zinatosha kusukuma chochote"

Injini haisukumi ardhi, matairi ndiyo yanayosukuma. Farasi, yaani nguvu za injini, zikiwa nyingi na trekta likiwa jepesi, unachopata ni matairi yanayochimba mashimo, hasa kwenye kichanga cha Tandahimba na Newala wakati wa kiangazi. Uzito juu ya matairi ya nyuma ndio unaoamua bledi ya ukubwa gani inafaa. Njia rahisi ya kuuongeza ni kujaza maji matairi ya nyuma: zungusha gurudumu mpaka valvu iwe juu kabisa, jaza mpaka maji yafike usawa wa valvu, kisha malizia kwa upepo. Kila lita ni kilo moja, na imekaa chini kabisa ambako haiyumbishi trekta. Kwenye nchi za baridi huchanganya chumvi ya kalsiamu ili maji yasigande, nayo hula rimu. Mtwara hakuna cha kugandisha maji, kwa hiyo maji matupu yanatosha; akikushauri mtu uongeze chumvi, mkatalie.

"Chukua pana zaidi, utamaliza mapema"

Upana una hesabu yake. Bledi ikinyooka inakwangua upana wake wote, lakini kazi ya kweli inafanywa ikiwa imekaa pembe ili udongo umwagikie pembeni. Ukiigeuza nyuzi 30, bledi ya sentimita 150 inafunika 130 tu. Lazima upana huo uliobaki uzidi upana wa matairi kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, la sivyo tairi moja litapanda juu ya tuta ulilotoka kulitengeneza na bledi nzima itainama. Trekta dogo la Kijapani lenye upana wa sentimita 120 linahitaji bledi ya 140 hivi. Ya 180 italishinda nguvu.

"Haidroliki imechoka, haikandamizi bledi chini"

Nimewasikia hata mafundi wazoefu wakisema hivi, na wapo wenye matrekta waliofungua pampu nzima isiyo na kosa lolote. Mikono ya pointi tatu ya matrekta haya inanyanyua kwa mafuta na inashuka kwa uzito wa zana. Haikandamizi, na haikuwahi kukandamiza hata ilipokuwa mpya. Bledi ikiparaza juu bila kung'ata, refusha toplinki ili makali yaelekee mbele, au ongeza uzito juu ya fremu ya bledi. Pampu iache.

Kuna jambo jingine la haidroliki linalowachanganya wengi. Kwenye 135 kuna wenzo mmoja wa kushika kimo cha zana na mwingine wa plau, unaonyanyua zana kadiri mzigo unavyozidi. Kwa bledi tumia ule wa kimo. Ukitumia wa plau, bledi itapanda na kushuka yenyewe na njia itatoka na mawimbi. TE20 lina huo wa mzigo peke yake, kwa hiyo wenye nalo hufunga minyororo au vyuma vya kushikilia kimo.

"Isipoingia fundi atachomelea"

Fundi mzuri wa kuchomelea ni hazina, na fremu ya bledi anaweza kuibadilisha vizuri sana. Asiguse tu bodi ya trekta, kwa sababu ni chuma cha kumwaga, na moto wa kawaida wa kuchomelea hukipasua kando ya mshono, wakati mwingine baada ya siku kadhaa. Mwambie pia kuhusu bolti. Matrekta ya zamani ya Uingereza na Marekani ni ya inchi, ya Japani ni ya milimita. Tundu la nusu inchi lina milimita 12.7, ukipitisha bolti ya 12 inaingia bila shida, na huo wepesi wa kuingia ndio ubaya wake, maana inacheza, inalegea, na mwisho inakatika kwenye mtikisiko. Dai bolti inayolijaza tundu, na ikiwa ni ya milimita iwe na alama ya uimara 8.8 kichwani.

Muuzaji akiwa mbali, mtumie kwa simu picha tatu huku tepu imewekwa juu ya kinachopimwa: tundu la mkono wa chini, nafasi kati ya mikono miwili, na upana wa matairi ya nyuma. Naye akutumie picha ya pini za bledi na ya mgongo wake. Agiza mapema kiasi cha bledi kuwa imefika mvua zinapokatika, Mei hivi, udongo ukiwa bado na unyevu wa kukwanguka, ili magari ya korosho yatakapoanza kuingia shambani Oktoba yakute njia iko tayari.